Miaka ya Kitambulisho na Miaka ya Mwili

Kwenye masoko na stendi za mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mwanjelwa jijini Mbeya hadi Njombe mjini, imezuka biashara ya kupima "umri wa mwili". Unakuta meza, kompyuta ndogo na kijiti cha chuma chenye waya. Unashika kijiti dakika moja, mwenye meza anabofya, na karatasi inatoka: ini asilimia kadhaa, figo asilimia kadhaa, na chini kabisa umeandikiwa kwamba mwili wako una miaka 58. Wewe una 43. Kabla hujauliza swali, chupa ya virutubisho imeshawekwa mbele yako.

Watu wanarudi nyumbani na hofu, na swali wanalobaki nalo ni la haki kabisa. Je, mwili unaweza kuwa na umri wake, tofauti na ule wa kitambulisho? Unaweza. Je, kijiti kinaweza kuujua? Hapana. Majibu haya mawili yamechanganywa kwa makusudi ya biashara, kwa hiyo tuyatenganishe taratibu.

Umri wa kalenda ni miaka iliyopita tangu uzaliwe. Huo haubadiliki kwa dawa wala kwa mazoezi. Umri wa kibayolojia ni kipimo cha namna mwili ulivyochakaa, na uwezo uliobaki nao wa kujikarabati, ukilinganishwa na watu wengine wa miaka ile ile.

Fikiria mashamba mawili ya chai kule Mufindi, yamepandwa mwaka mmoja. La kwanza linapogolewa kwa wakati, linapaliliwa na kutiwa mbolea, na majani machanga hayakomi kuchomoza. La pili lilitelekezwa: michai imekuwa miti, magugu yameziba njia, mchumaji hana cha kuweka kwenye tenga. Daftari la upandaji linasema umri ni mmoja. Mwili nao ni kitu hai kama mchai, unaharibika kila siku na kujitengeneza kila siku. Kuzeeka ni pale uharibifu unapoanza kuuzidi ukarabati, na mazoea yetu ya kila siku yanagusa pande zote mbili.

Kinachotokea ndani ya seli

Wataalamu wanataja mambo mengi, lakini matatu yanatosha kumwezesha mtu kuelewa yanayofuata.

La kwanza ni kwamba seli haziwezi kugawanyika milele. Mwaka 1961 Leonard Hayflick, mtafiti wa Marekani, alionyesha kuwa seli za binadamu zikioteshwa maabara hugawanyika kama mara 40 hadi 60, kisha husimama. Baadaye ilieleweka kwamba ncha za kromosomu, ziitwazo telomea, hufupika seli inapogawanyika. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2009 kwa kugundua jinsi telomea zinavyolinda kromosomu. Seli iliyochoka si lazima ife. Nyingi hubaki pale pale bila kazi, huku zikitoa kemikali zinazoichokoza kinga ya mwili.

La pili ni hiyo kinga kukosa kupumzika. Ukijikata na panga, kidole huvimba na kupata joto, siku chache kinapona na kinga inatulia. Moshi, mafuta yaliyojaa tumboni, sukari iliyozidi kwenye damu na maambukizi yasiyotibiwa huiacha kinga ikiwa macho miaka nenda rudi. Vita isiyo na adui wa kumaliza huishia kuumiza kuta za mishipa ya damu, viungio na ubongo.

La tatu ni alama ndogo za kemikali zinazokaa juu ya vinasaba na kuiambia seli isome maelekezo yapi, iyaache yapi. Alama hizi hubadilika kwa mpangilio kadiri mtu anavyozeeka. Mwaka 2013 Steve Horvath wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichagua sehemu 353 za vinasaba na kuonyesha kwamba kutokana na alama zake unaweza kukadiria umri wa mtu kwa karibu sana. Hapo ndipo msemo wa "saa ya mwili" ulipoanza kuenea.

Utafiti unaoonyesha jambo hili wazi kuliko mwingine ni wa New Zealand, unaowafuatilia watu waliozaliwa mji wa Dunedin mwaka 1972 na 1973. Walipofika miaka 38, watu 954 kati yao walipimwa vitu 18: mapafu, figo, ini, meno, mafuta ya damu, kinga na mengineyo. Wote walikuwa na umri mmoja wa kalenda. Umri wa miili yao ulianzia miaka 28 hadi 61. Waliozeeka haraka walikuwa na mkono dhaifu wa kushika, walipata shida zaidi kusimama bila kuyumba, na hata watu wasiowajua, walipoonyeshwa picha zao, waliwaona wazee zaidi.

Angalia vipimo hivyo vilihitaji nini. Damu ilichukuliwa, mapafu yalipulizwa kwenye mashine, meno yalikaguliwa. Kijiti kinachogusa kiganja tu hakina njia ya kujua figo zinachuja kiasi gani, kwa kuwa hilo linajulikana kwa kupima kemikali kwenye damu na mkojo. Mizani ya umeme inayoandika "umri wa mwili" nayo inapiga hesabu tu kutokana na uzito, urefu, na umeme kidogo unaopita miguuni. Hata vipimo vya kweli vya alama za vinasaba, vinavyouzwa ghali nje, vinaweza kumpa mtu mmoja majibu yanayotofautiana. Vinafaa kulinganisha makundi ya watu kwenye utafiti. Kumwambia mama mmoja wa Tukuyu kwamba amebakiza miaka mingapi, haviwezi.

"Ni ukoo tu"

Kila mtaa una mzee aliyekunywa ulanzi na kunusa ugoro mpaka akafika miaka 95, na jina lake hutajwa kila mara mtu akishauriwa kuacha. Mzee huyo yupo kweli. Wasiotajwa ni rika lake waliokuwa na mazoea yale yale wakafariki wakiwa na miaka 55, maana hawapo kilabuni kusimuliwa. Utafiti wa mapacha wa Denmark wa mwaka 1996 ulikadiria kwamba urithi unaeleza kama robo tu ya tofauti za urefu wa maisha kati ya watu. Ukoo una sehemu yake, na sehemu hiyo ni ndogo kuliko tunavyopenda kuamini.

Moshi wa jikoni

Ukiuliza nini kinazeesha mwili, wengi watataja soda na pombe. Huku nyanda za juu ni lazima tuanze na jiko, kwa sababu ya baridi. Kuanzia Mei hadi Agosti, Makete, Njombe na Uporoto zikishikwa na baridi kali, mlango wa jiko hufungwa, dirisha dogo linazibwa kwa gunia, na familia nzima inakaa kuzunguka mafiga. Masizi yanayoning'inia kwenye kenchi yanaonyesha kilichoingia kwenye mapafu ya mama kwa miaka 30.

Chembe ndogo za moshi hupita kwenye mapafu na kuingia hadi kwenye damu. Huko huichokoza kinga, hukakamaza mishipa na kupandisha hatari ya kiharusi. Kwenye jicho, moshi unahusishwa na mtoto wa jicho kuwahi kutokea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020 kutokana na moshi wa nishati za majumbani. Mwanamke ambaye hajawahi kuvuta sigara anaweza kuwa na mapafu yaliyochoka kama ya mvutaji, na hospitali akiulizwa kama anavuta atajibu hapana. Ndugu, mwambie ataje jiko.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Gesi ikipatikana, tumia hata kwa chai na mboga tu. Kwa wasioweza leo, moshi unaweza kupunguzwa kwa hatua hizi. Pasua kuni nyembamba, zipange juu ya mawe chini ya paa, hewa ipite, zikae miezi kadhaa kabla ya kuchomwa. Kuni mbichi za mlingoti au msindano nguvu yake inaishia kukausha maji yake yenyewe, na unabaki na moshi. Loweka maharage au mahindi ya kande usiku kucha, maana saa unayopunguza motoni ni saa ya moshi uliyoiepuka. Funika sufuria. Weka tundu la kutolea moshi juu, karibu na paa, na lingine la kuingizia hewa chini upande wa pili. Tundu moja peke yake halivuti. Ukijenga jiko banifu, bomba lake lipite juu ya kilele cha paa. Bomba lililokatwa chini ya paa hurudisha moshi ndani upepo ukigeuka, na watu wengi huishia kulaumu jiko. Lizibue masizi mara kwa mara.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala hata usiku wa Julai. Mkaa uliokolea hauna moshi wala harufu, na gesi yake huua waliolala.

Chumvi, sukari na unga

Sukari ikizidi kwenye damu hujibandika kwenye protini za mwili, na protini hizo hukakamaa. Mishipa ya damu hupoteza mnepo, figo na macho yakafuata. Kipimo kiitwacho HbA1c huangalia sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu za damu. Kwa kuwa chembe hizo huishi kama siku 120, kipimo kinaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na kufunga kula jana yake hakuwezi kukificha. Asilimia 6.5 na zaidi ni kisukari.

Hesabu ya chai ni rahisi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 za sukari. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vitatu ni gramu 36. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isifike asilimia 10 ya nguvu ya chakula, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Baridi yetu inataka chai ya moto, na chai yenyewe haina kosa. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi utazoea.

Chumvi, inayopandisha presha ikizidi, isipite gramu 5 kwa siku nzima, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyo ndani ya viungo vya paketi. Hapa kuna dhana inayouma: kwamba presha kupanda ni sehemu ya uzee. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, humu humu nchini, hufanya kazi ya kuchosha mwili zaidi ya saa moja kila siku, na watafiti walipowapima walikuta presha ya juu ni nadra, hata kwa wazee wao.

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu pumba na kiini vimebaki, na sukari hupanda polepole. Lakini dona ya mahindi yaliyovunda ni hatari kuliko sembe, kwani sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, huumiza ini na haiondoki kwa kupika. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, na punje zenye ukungu zichambuliwe kabla ya kwenda mashineni. Maharage ya Mbeya, parachichi la Rungwe, mnafu na majani ya maboga vinatosha bila chupa yoyote ya sokoni.

Kuhusu chupa hizo, nyingi husifiwa kwamba "zinazuia kutu ya seli". Wazo hilo lilijaribiwa kwa uzito. Finland, wanaume wavutaji 29,133 walipewa vidonge vya vitamini E, vya beta-karotini (ile iliyomo kwenye karoti), au vidonge visivyo na dawa ndani. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Karoti haikudhuru mtu. Kidonge kilidhuru.

"Mama, usishike jembe tena"

Hili hufanywa kwa upendo, na ndiyo maana linahitaji kusemwa kwa uwazi. Mzazi analetwa mjini kutoka Ludewa au Ileje, anapewa chumba, kiti na televisheni, na watoto wanamkatalia hata kufagia. Mwaka mmoja baadaye hawezi kupanda daladala. Familia inasema uzee umemwingia ghafla.

Kuanzia miaka ya 30 mwili hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila muongo, na baada ya 60 kasi huongezeka. Kukaa huharakisha kupita kiasi. Wazee wenye afya waliolazwa kitandani siku 10 tu katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Upande wa pili, mwaka 1990, wazee 10 dhaifu wenye wastani wa miaka 90 walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wiki 8, na nguvu zao za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90! Msuli hausomi kitambulisho.

Kazi ya shamba inayozeesha ni ile ya kuinama saa nane bila kupumzika, kubeba gunia kwa mgongo uliopinda, na kupuliza viuatilifu vya viazi au nyanya bila barakoa. Kulima bustani, kupanda kilima na kuchota maji kidogo ni dawa. Kwa anayeishi mjini, siku mbili kwa wiki zinatosha kuanza: kukaa na kusimama kwenye kiti, kusukuma ukuta kwa mikono miwili, na kunyanyua dumu la lita 5 kila mkono, kila zoezi mara 8 hadi 12, raundi tatu. Ongeza kutembea dakika 150 kwa wiki kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mzee anahitaji pia protini, gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito: yai lina kama 6, na gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya 20. Ugali na mchuzi mtupu hauwezi kujenga msuli. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza kuhusu protini.

Mengine kwa kifupi

Sigara: madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa miaka 50 walionyesha kwamba mvutaji hupoteza kama miaka 10 ya maisha. Aliyeacha akiwa na 60 alirudisha kama 3, akiwa na 50 kama 6, akiwa na 40 kama 9. Pombe: hakuna kiwango kilichothibitika kuwa salama, na ulanzi uliogemwa asubuhi ukiwa mtamu huendelea kuchacha, hivyo kopo la jioni si kopo lile lile. Usingizi: muda wa saa 7 kwa usiku, kwa sababu presha hushuka ukiwa umelala na mishipa hupumzika. Mvi hutokana zaidi na ukoo na hazisemi mengi kuhusu moyo wala figo. Mkorogo wenye zebaki au steroidi huikondesha ngozi na kuizeesha kuliko jua la Mbeya, ijapokuwa mita 1,700 juu ya bahari jua nalo ni kali, na kofia ni muhimu.

Virusi vya Ukimwi haviwezi kurukwa kwenye mada hii. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa iliyoongoza nchini. Virusi visivyodhibitiwa huichosha kinga na kuzeesha mwili mapema. Dawa za kuvidhibiti, ziitwazo ARV, zikimezwa bila kukosa hupunguza sana madhara hayo. Dhana kwamba ARV ndizo zinazozeesha imewatoa watu kwenye dawa na kuwaua.

Vipimo vya kweli unavyoweza kufanya nyumbani

Chukua uzi, pima urefu wako wote, ukunje katikati. Nusu hiyo izunguke kiuno chako juu kidogo ya kitovu. Isipofika, mafuta ya tumboni yamezidi.

Weka kiti kisicho na mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kunja mikono kifuani, simama wima na ukae, hesabu mara ngapi ndani ya sekunde 30. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akishindwa kufika 12, mwanaume 14, miguu iko chini ya wastani. Kwa miaka 70 hadi 74 ni 10 na 12. Ukisukuma kwa mikono, hesabu ni sifuri.

Pima mita 6 uani, tembea mwendo wako wa kawaida. Ukitumia zaidi ya sekunde 7.5, anza mazoezi ya miguu wiki hii.

Presha ndiyo inayokosewa zaidi huku, kwa sababu ya nguo. Mpimaji hufunga kitambaa juu ya sweta, au hukunja mkono wa sweta ukabana kama kamba, na namba zote mbili zinakuwa za uongo. Vua mkono mzima. Nenda msalani kwanza, kaa dakika 5 umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila chai, kahawa wala sigara nusu saa kabla. Usiongee. Pima mara mbili, dakika moja kati. Mkono mnene upate kitambaa kikubwa, la sivyo namba itapanda bure. 140 kwa 90 au zaidi, siku tofauti, ni presha ya kutibiwa hata kama husikii lolote.

Matokeo ya mabadiliko hayaji kwa pamoja. Chumvi ikipunguzwa, presha huanza kushuka ndani ya wiki nne. Hesabu ya kiti hupanda baada ya wiki nane hivi. HbA1c irudiwe baada ya miezi mitatu, mapema zaidi ni kutupa hela. Na anayehudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, aombe presha na sukari vipimwe siku hiyo hiyo ya kuchukua dawa, badala ya kusubiri miguu ivimbe.